Hedifoni Zangu na Vyungu vya Mwanaasha

Gregori Likwata,
Rasbura, Lindi.
Juni 1994

Ndugu Balozi Abilahi,

Shikamoo mzee. Natumaini hujambo na nyumba zako kumi hazijambo, ingawa kwa makelele yanayotoka katika tisa kati yake, hali yenu naijua bila kuuliza. Nakuandikia badala ya kuja kibarazani kwako kwa sababu hapo watu husema wote kwa pamoja, na mwenye hoja hushindwa na mwenye mapafu.

Binti yangu Devota anaolewa Jumamosi ijayo. Wanawake wa mtaa wamekataa kuja kutwanga, kuteka maji na kupika. Bila wao hakuna harusi, na hilo wanalijua. Kosa langu, eti, ni masikio. Naomba nijieleze kwa mpangilio.

1. Tangu iingie hii biashara huria, madukani kuna kila kitu isipokuwa kimya. Kila basi lina redio kaseti, na kila abiria wa kusini ana mdomo. Ukienda Dar es Salaam, mtu wa Rondo atakusimulia mihogo yake na nguruwe walioila, mpaka umfahamu kila nguruwe kwa tabia. Nikaamua kujikinga.

2. Sikununua ovyo. Dukani kwa Abdurahmani nilijaribu hedifoni za aina tatu. Zile ndogo za kuchomeka sikioni zilidondoka nilipopiga chafya. Zile za sponji zilipitisha sauti zote na kuongeza muwasho juu yake. Nikachagua kubwa, zinazofunika sikio zima kama vifuu viwili. Nilizivaa, nikafungulia muziki, nikamwomba Abdurahmani anitukane. Alinitukana kwa muda mrefu, na usoni alionekana kufurahi kuliko nilivyotarajia, lakini sikusikia neno. Nikazichukua pamoja na redio yake ndogo ya mfukoni.

3. Siku ya safari ya Dar nilikaa dirishani, na jirani yangu Mwanaasha akakaa ubavuni pangu. Huyu, kama ujuavyo, ndiye msimamizi wa vyungu katika shughuli zote za Rasbura, za Waislamu na za sisi Wakristo, maana akipika yeye kila mgeni hula bila wasiwasi. Niliitikia salamu yake, nikajifunika masikio. Tulipofika Kiranjeranje tukapishana na basi linalotoka Dar, madereva wakasimama kupeana habari kama desturi yao. Nimeambiwa baadaye kwamba habari yenyewe ilikuwa kifo cha Mfaume wa Kilwa Kivinje, kaka yake Mwanaasha. Abiria wote walisikia. Mimi nilikuwa nimefumba macho, nasikiliza rumba na kutikisa kichwa. Wanadai nilikuwa pia natabasamu. Rumba ile ilikuwa nzuri.

4. Kondakta alinigusa bega. Nikamwonyesha tiketi. Akanigusa tena, nikamwonyesha upande wa pili wa tiketi. Sasa hapo nilikosa nini?

5. Tulipofika Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, Mwanaasha akainuka, akayumba, kikapu chake kikanigonga goti. Alikuwa amejifunika kanga usoni. Nilidhani anakwepa vumbi. Mtu aliyevaa hedifoni hajui ukubwa wa sauti yake, hilo ni jambo la kitaalamu ambalo wapika ubwabwa hawawezi kulielewa. Nilisema, kwa upole kabisa nionavyo mimi, na basi zima likasikia: "Afadhali unashuka mama, tupumue."

6. Niliporudi hakuna aliyeniambia kitu. Watu hawa hawa ambao hunipasha, bila kuombwa, bei ya dagaa na nani kagombana na mkwewe, safari hii walifunga midomo. Sikwenda kutoa pole kwa kuwa sikujua kuna msiba. Wao wakaamua kwamba najua na nimedharau. Mke wangu Cecilia, aliyekuwa Rondo kwa wazazi wake, ndiye aliyenifumbua macho. Alikwenda kumwomba Mwanaasha aje kusimamia vyungu, akarudi na jibu hili: "Apikiwe na hizo hedifoni zake."

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Habari za msiba ndani ya basi zitolewe kwa maandishi. Abiria wanaopenda kusema wapandishwe kwenye keria pamoja na kuku, ambao hawana pa kwenda. Na wewe, kwa mamlaka yako, uwaamuru wanawake wa nyumba zote kumi waje Ijumaa na miko yao, Mwanaasha akiwa mbele. Wapike kimya kimya, wasinisimulie chochote, kisha waondoke. Wale wanaosema ningekwenda kwanza kumpa pole waelewe kwamba msiba umeshapita, harusi ndiyo bado.

Nisalimie mama watoto, wanao, wajukuu, na majirani wote, hata wale wasiotaka salamu zangu.

Ni mimi, mpenda mtaa tulivu,
Gregori Likwata

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha. Nyumba yangu imetulia sasa, mzee. Hakuna anayepiga hodi, hakuna anayekuja kuazima kinu. Katika utulivu huo nimemsikia Devota akilia chumbani kwake. Nimevaa hedifoni na kufungulia redio mpaka mwisho, na bado namsikia. Usimwamuru mtu yeyote. Nakwenda kwa Mwanaasha jioni hii, na nakuomba unisindikize, kwa sababu sijui nianze na pole au na samahani.