Ufunguo wa Stoo ya Fizikia

Jumatatu, 15 Septemba

Daftari hili shangazi Dorothea alininunulia kwa ajili ya Fizikia. Kurasa nne za mwanzo zina kanuni. Kuanzia ukurasa wa tano litakuwa shajara, maana kuna mambo ya kuandika.

Leo asubuhi paredi, Mwalimu Bartolomayo wa taaluma ametangaza kwamba jaribio la Fizikia la kidato cha tano litakuwa Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 26. Atakayepata chini ya 35 ataondolewa PCB na kupelekwa CBG. Yaani Kemia na Biolojia zinabaki, Fizikia inatoka, Jiografia inaingia. Alitangaza kwa upole, kama mtu anayesema kesho maji yatakatika.

Jaribio lililopita nilipata 19.

Ninayo karatasi ya sifa za kujiunga na shahada ya uuguzi kwenye chuo ninachokitaka. Naiweka ndani ya kitabu cha Biolojia. Kemia, angalau C. Biolojia, angalau D. Somo la tatu liwe Fizikia, au Hisabati ya Juu, au Lishe, hata kama ni E. Jiografia haimo. Nimeigeuza karatasi kuangalia nyuma. Nyuma kuna sifa za uhandisi wa migodi.

Kwa hiyo nikipelekwa CBG, digrii ya uuguzi kwangu imekwisha. Nitaanzia kwenye cheti kama shangazi. Siku kumi na moja. Zinatosha kwa mpango mzuri.

Jumanne, 16 Septemba

Mpango wa kwanza: ukweli. Nimekwenda ofisini kwa Mwalimu Bartolomayo na karatasi yangu. Nikamwamkia, nikamweleza. Alivaa miwani akasoma yote, pamoja na uhandisi wa migodi. Akasema vizuri sana, binti yangu, hapa wameandika pia Hisabati ya Juu, kwa hiyo Fizikia ikikushinda mlango huo uko wazi. Hisabati nilipata 11. Nikamshukuru. Akaomba abaki na karatasi aitoe nakala.

Nimeingia na karatasi, nimetoka bila karatasi.

Mpango wa pili: Madamu Edina wa Jiografia asinitake. Nikamfuata ukumbini, nikamwambia sijui mto wowote unakokwenda, na ramani nikiitazama naumwa kichwa. Nilidhani atashtuka. Alinishika bega. Akasema wanafunzi kama mimi ndio waliomfanya aupende ualimu. Akanipa atlasi yake mwenyewe, yenye jalada gumu.

Ni nzito. Nimeiweka chini ya godoro.

Jumatano, 17 Septemba

Nimepata nadharia.

Shangazi ni muuguzi wa cheti kwenye zahanati moja karibu na Mtera. Ana miaka kumi na tisa pale pale. Waganga wafawidhi sita wamekuja na kuondoka, yeye yupo. Kwa nini? Kwa sababu ufunguo wa kabati la dawa anao yeye. Mtu mwenye ufunguo haondolewi. Ni rahisi sana, nashangaa sikuliona mapema.

Kwetu ufunguo wa stoo ya Fizikia alikuwa nao Gladness. Gladness alipata 81. Mama yake ni karani Bungeni, ndiyo maana anaongea kama anachangia hoja. Bweni zima ni waheshimiwa kwake, isipokuwa akikasirika.

Nilijua kumbembeleza kutachukua siku tatu. Nilimwambia nitachukua zamu zake zote za kumwagilia mizabibu ya shule hadi mwisho wa mwezi, na badala yake yeye...

Akasema, "Mheshimiwa, hoja imepita." Sentensi yangu haijafika nusu. Akauvua ufunguo shingoni na kamba yake.

Mwalimu Optatus wa Fizikia hakupinga. Alisema yeye anachotaka ni kwamba uwe shingoni kwa mtu. Joha, anayelala kitanda cha chini yangu na ambaye ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya Kemia, aliniuliza kwa nini Gladness anatabasamu. Nikamwambia watu wengine wakishindwa hucheka.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimejua kwa nini Gladness alitabasamu.

Alhamisi ijayo kuna ukaguzi wa stoo. Leja inasema: koili tano za ukinzani wa umeme, kila moja na lebo ya omu zake. Koili zipo tano. Lebo ipo moja, ya omu 2. Nyingine zimebanduka kwa joto, au mende wamekula gundi. Leja inasema: themomita kumi. Nimehesabu mara tatu. Saba.

Nimemfuata Gladness kwenye foleni ya uji. Akasema alipokabidhiwa yeye aliacha kuhesabu baada ya sita, hivyo chini ya uongozi wangu sekta imekua. Foleni nzima ikacheka. Yeye akaongezewa uji.

Jioni mizabibu. Ndoo arobaini kutoka kwenye tangi, upepo umejaa vumbi jekundu, na kila ndoo inafika na tope juu. Kutoka shambani yanaonekana majengo ya chuo kule Chimwaga, juu ya mlima, meupe. Niliyatazama hadi ndoo ikanimwagikia viatuni.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimejaribu kurudisha ufunguo. Mwalimu Optatus amesema anayeshika ndiye anayejibu, na ambaye leja yake haitalingana ataandika maelezo kwa Mwalimu Bartolomayo. Kwa hiyo sasa nina njia mbili za kufika kwa Mwalimu Bartolomayo na zote ni mbaya.

Mpango wa tatu: kuandika lebo mwenyewe kwa kukisia. Leja inataka moja ya omu 1, mbili za omu 2, moja ya 5, moja ya 10. Nimezipima kwa mkono. Iliyo nzito nikaiita 10. Joha akauliza itakuwaje Mwalimu akipima. Nikasema hakuna anayepima. Joha akasema, "Yasi, huyo alipima hadi upawa wa jikoni." Ni kweli. Ulikuwa umepungua.

Nikamwuliza Gladness koili hupimwaje. Alisema maswali ya nyongeza hujibiwa kwa maandishi. Akaniandikia kikaratasi: kitabu cha kijani, rafu ya juu, ukurasa 212.

Kitabu kipo. Kina vumbi la kutosha kupanda karanga.

Jumapili, 21 Septemba

Zamu yangu ya simu ya matroni. Nikiwa nasubiri namba iite niliona boksi la vifaranga wake pembeni ya jiko, na ndani yake, zimesimama kwenye pumba, themomita tatu.

Shangazi akapokea. Shikamoo shangazi. Marahaba mwanangu, unasoma? Nikasema mambo ya Fizikia yananishughulisha mchana kutwa. Si uongo. Akafurahi. Akasema zahanati imeletewa muuguzi mpya mwenye digrii, binti mzuri, ni wa nne sasa. Wote wanne yeye ndiye aliyewaonyesha chumba cha kujifungulia, sindano zinakaa wapi, taa ya dharura inawashwaje. Wote wanne wakawa wakubwa wake. Hakulalamika, alisema tu.

Akasema pia ameomba uhamisho mara nne aje mjini, ili Jumapili awe ananitembelea. Mara zote wanamjibu, Dorothea, ukiondoka ufunguo tutampa nani?

Nadharia yangu imethibitishwa na mtu aliye kazini.

Nikamwambia matroni kuhusu themomita. Akasema sawa, nizichukue, ila vifaranga wasipopata joto lao watakufa, na wakifa atajua ni nani. Makubaliano: nije kuwasomea joto asubuhi na jioni. Leo jioni nyuzi 33. Wanaendelea vizuri.

Jumatatu, 22 Septemba

Baada ya vipindi nimejifungia stoo na ukurasa 212. Unatandaza ubao wenye waya wa mita moja. Koili inayojulikana kushoto, isiyojulikana kulia. Unagusa waya kwa kijiti cha chuma, mahali hapa, mahali pale, hadi mshale wa galvanomita, kile kipimo cha umeme, usimame katikati.

Wangu haukusimama. Ulikimbilia pembeni na kukaa huko. Nilisoma ukurasa tena. Nikafungua nyaya zote, ncha zake zilikuwa na kutu ya kijani. Nikazisugua kwa msasa. Nikafunga upya. Mshale ukaanza kutembea kama mtu aliyeamshwa.

Koili ya kwanza mshale ulisimama kwenye sentimita 50, katikati kabisa. Kumbe ikiwa pande mbili ni sawa waya hugawanyika sawa. Basi na hii ni omu 2. Nikapiga kelele. Joha akaja mbio na fagio akidhani ni nyoka.

Ile niliyoiita 10 kwa uzito ni 1.

Jumanne, 23 Septemba

Koili ya tatu imenipa sentimita 28, halafu 29, halafu 28 tena. Mwalimu akija kupima akapata nyingine nitaonekana mwongo. Nimegundua kwamba ukizibadilisha koili, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, ukapima tena na kuchukua wastani, haikuyumbishi sana. Inakuja omu 5. Nimerudia zote hivyo. Ya mwisho ni 10. Lebo nimeandika kwa kalamu ya wino mzito na kuzifunga kwa uzi, si gundi, kwa ajili ya mende.

Vifaranga 32 asubuhi, 34 jioni.

Haya yote yamenilia muda. Jaribio ni Ijumaa na wiki hii sijasoma Fizikia hata kidogo.

Alhamisi, 25 Septemba

Ukaguzi. Mwalimu Optatus alihesabu themomita kumi. Akanusa moja, akairudisha. Kisha akachukua koili ya 5 na kuipima mwenyewe. Akaniuliza kwa nini 28.6 inaleta 5. Nikamweleza: upande wa kulia wa waya ni mara mbili na nusu ya upande wa kushoto, basi na koili ya kulia ni mara mbili na nusu ya ile ya omu 2. Akaniuliza kwa nini niliibadilisha upande. Nikamweleza na hilo.

Akanitazama muda mrefu, hapa kifuani.

Nadhani alikuwa anautazama ufunguo.

Ijumaa, 26 Septemba

Jaribio. Sehemu ya nadharia ilikuwa ngumu sana. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Mchana vitendo, alama 30. Kila mtu mezani kwake ana ubao wa waya na koili moja isiyo na lebo. Tafuta thamani yake. Watu waliguna. Mimi niliona ni kazi tu ya stoo, nikaifanya. Ncha zilikuwa na kutu, nikaomba msasa. Nilimaliza mapema, nikawahi vifaranga.

Gladness alitoka akilia kwamba mshale wake umegoma. Nikamwuliza alisugua nyaya? Akaniangalia kama nimemtukania ukoo. Hakuniita mheshimiwa.

Usiku huu usingizi hauji. Kama nimefeli, Jumatatu nahamia upande wa atlasi.

Jumatatu, 29 Septemba

Matokeo yamebandikwa nje ya ofisi ya taaluma. Nilianza kusoma kutoka chini. Wanne wamepelekwa CBG. Sikujiona. Nikapanda juu kidogo.

43.

Nadharia 15 kwa 70. Vitendo 28 kwa 30. Nimekaa chini pale pale kwenye kokoto, na sketi yangu ya paredi.

Nilipoinuka nilichunguza ushahidi. Kwenye nadharia niko vile vile kama zamani, maana yake akili yangu haijabadilika. Wale wanne waliohamishwa, nimeuliza mmoja mmoja: hakuna hata mmoja mwenye ufunguo wowote, hata wa sanduku, zao zimepotea na wamevunja makufuli. Na Gladness, aliyekuwa na ufunguo akautoa, ameshuka kutoka 81 hadi 66. Sidhani kuna haja ya kuongeza kitu.

Kwenye karatasi yangu Mwalimu Optatus ameandika kwa kalamu nyekundu: Umejifunza kwa mikono. Endelea hivyo hivyo. Joha anasema hilo ndilo jibu lenyewe, Yasi, lisome tena. Nimelisoma tena. Ni maneno ya ustaarabu. Mwalimu hawezi kuandika wazi kwamba amemwogopa mtu wa stoo.

Mwalimu Bartolomayo amenirudishia karatasi ya sifa. Ametoa nakala upande wa migodi. Madamu Edina amepokea atlasi yake, akasema mlango uko wazi siku yoyote. Macho yake yalikuwa mekundu, labda ni vumbi. Kifaranga mmoja ameanza kuota manyoya.

Nilimpigia shangazi kwa simu ya matroni, dakika moja tu. Nikasema 43, nimebaki. Kisha nikasikia anamwambia mtu huko huko zahanati, nadhani yule binti wa digrii, kwamba mtoto wa kaka yake amebaki Fizikia. Akamwambia mara mbili.

Sasa Kemia. Karatasi inasema C, na mimi nina D. Mtihani wa Kemia ni katikati ya Oktoba. Ningeweza kusoma, lakini nimeshaona kusoma kulivyonifikisha 19.

Ufunguo wa stoo ya Kemia anao Joha. Kwa kuwa ni rafiki yangu sikutaka kutumia ujanja. Baada ya chakula nikamwambia kwa uwazi kabisa kwamba nitachukua zamu zake zote za mizabibu hadi Novemba, na badala yake yeye...

Aliuvua shingoni kabla sijamaliza. Alikuwa anatabasamu hadi magego. Akaniuliza kama najua chupa za tindikali ziko ngapi, na kama nimeona kwamba zote hazina lebo.

Ni hodari wa kuficha maumivu, Joha.