Kofia Moja, Vichwa Viwili

Jumamosi, 5 Machi 2016

Zénon kachukua kofia tena! Wiki ya tatu mfululizo. Mimi Gervasi, niliyeanzisha kikundi hiki cha kuingia mapangoni, niliyebeba kamba begani kutoka Ujiji, natambaa nyuma yake na tochi inayozimika nikikohoa.

Utaratibu ni wa Dada Yusta, nesi wa wagonjwa wa akili. Tukitoka pangoni tunakaa juu ya mawe, matope bado mwilini, kila mtu anasema alichokiogopa kule ndani. Ni marufuku kucheka. Aliyesema kwa ukweli zaidi anavaa kofia yenye taa safari inayofuata na kuongoza njia. Kofia yenyewe ni moja tu.

Zénon alikimbia Burundi mwaka jana, akapitia kijiji cha Kagunga, akaletwa huku kwa meli iliyojaa wakimbizi. Leo kasema njia ikibana anakumbuka alivyobanwa na watu melini. Halafu anapapasa mwamba, anaona haumsukumi, anatulia. Assani, mvuvi mzima mwenye mabega kama mlango, akafuta machozi.

Zamu yangu nikasema ninachosema kila wiki: sikuogopa kitu. Dada Yusta akanitazama kwa upole. Upole ule unaniudhi.

Nina wivu? Hapana. Basi, ndiyo. Wivu mtupu.

Jumatatu, 7 Machi

Nimetafuta woga siku nzima. Nilifikiria baiskeli yangu iliyoibwa sokoni Mwanga. Haitoshi. Mwenzio kakimbia nchi, wewe unaleta baiskeli! Kuna lile jambo la bandarini, lakini lile simwambii mtu.

Jumatano, 9 Machi

Nimepata! Jumamosi nitakwama. Kidogo tu, dakika tano. Pangoni kuna mahali pembamba tunapaita Kooni, na Dada Yusta kakataza nguo nene pale. Nitavaa sweta mbili ndani ya ovaroli. Nitatoka na woga wangu mwenyewe, tena mbichi.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Ndugu zangu, nilikiona kifo." Inapendeza. Sauti itetemeke kwenye "kifo".

Jumamosi, 12 Machi

Nilikwama. Si kidogo.

Kifua kiligoma katikati ya Kooni. Mbele hakuna, nyuma hakuna. Assani aliyekuwa nyuma akanivuta miguu, akabaki na kiatu. Jasho la sweta mbili likaniingia machoni. Kila nikijivuta najaza kifua, na kila nikijaza kifua mwamba unanibana zaidi. Tochi ikazimika. Hapo nikaogopa, tena sana.

Zénon akageuka, akarudi kwa tumbo mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu. Taa ya kofia ikanipiga machoni. Hata pale, Mungu anisamehe, niliwaza kwamba kofia haimkai vizuri.

Akasema: "Buhoro, polepole, kaka Gervasi. Umejaza kifua kama askari wa gwaride. Toa pumzi yote."

Nikamwambia siwezi. Nikitoa pumzi nitalia.

"Basi lia. Mimi siendi popote."

Ikanitoka. Nikamwambia kwamba nilipoachishwa kazi bandarini nililala miezi mitatu nimeelekea ukutani, nikimdanganya mama kuwa ni malaria. Kwamba pangoni tu ndipo ninapojiona mtu. Nilisema mpaka pumzi ikaisha, na ilipoisha mwili ukateleza mbele wenyewe. Alinishika mikono akanivuta.

Tukakaa juu ya mawe. Zamu yangu ikafika. Zénon akaangalia ziwa, wala hakudokeza neno. Nikasema nilikuwa napima upana wa njia.

Naye akasema leo aliogopa kwamba angemwacha rafiki yake ndani. Rafiki! Assani kalia tena. Wiki ya nne!

Jumapili, 13 Machi

Baada ya misa Zénon kaja nyumbani na mfuko. Ndani kofia, imepanguswa, betri mpya. Kasema kamweleza Dada Yusta kwamba aliyesema kweli zaidi jana ni mimi, ingawa hawezi kurudia maneno yenyewe. Dada kakubali. Jumamosi naongoza mimi.

Mama akamkaribisha ugali na samaki wa mgebuka, akamwita mwanangu. Mara mbili.

Kaondoka. Nimevaa kofia tangu saa nane, inanikaa sawasawa. Kifua chepesi. Nilikuwa na furaha kamili kwa muda wa robo saa hivi.

Halafu nikafikiri. Kikundi kizima kitajua kwamba kanipa yeye. Kumbe hata kutoa anatoa vizuri kuliko mimi!

Haiwezekani. Jumamosi nitamrudishia kofia mbele ya watu wote, huku nikilia kidogo. Assani atalia mpaka aishiwe nguvu. Kesho asubuhi naanza mazoezi mbele ya kioo. Sweta nimeshazianika.