Nilivyoingia Kuharibu Mashuka

Jumatatu, 4 Mei

Umefika? Kaa hapo, na uone haya kwanza. Mjukuu gani huyu, anaonekana kama kupatwa kwa jua? Ulidhani nimekufa? Sijafa, nina shughuli. Kwa kuwa huji nikakusimulia, naandika humu. Utasoma siku miguu yako itakapoikumbuka njia.

Mimi shule sikuiona hata dirishani. Herufi nilifundishwa na chama cha wafanyakazi, saa ya chakula, nilipokuwa mpiga pasi kwenye dobi kubwa, ile inayofua mashuka ya hoteli na hospitali. Nakishukuru chama mpaka naingia kaburini.

Sasa dobi wamegoma, wamekaa langoni. Mama yako ndiye katibu wao. Wanadai nyongeza ya mshahara waliyoahidiwa zamani. Meneja mpya hataki. Tunamwita Robo Mwaka, maana macho yake yanaona miezi mitatu mbele, baada ya hapo kwake ni kiama. Ameleta vibarua. Katangaza kwamba wakiimudu kazi mpaka Jumamosi, wagomaji wote nje. Mama yako wa kwanza.

Nimepata hila. Naingia kibarua. Nitapiga pasi ovyo mpaka hoteli zilie, ajue vibarua si dawa. Mama yako simwambii. Siri ikiwa na watu wawili ni tangazo.

Jumanne, 5 Mei

Nimeingia mlango wa nyuma, mtandio mpaka puani. Robo Mwaka hakuuliza jina. Aliuliza kama mikono yangu bado inafanya kazi. Nikamwambia inafanya kuliko mdomo wake. Akadhani ni utani, akanipa pasi.

Shuka la kwanza nikakusudia kuliunguza. Mkono ukakataa. Naushikilia, unateleza wenyewe. Basi nikaacha kunyanzi moja, pembeni. Nikaondoka. Nikarudi kulinyoosha. Mwili huu una kichwa chake.

Jirani yangu mezani ni kibarua mmoja pandikizi la mtu, zamani alikuwa akibeba magunia. Anashika pasi kama anaua nyoka. Kaunguza foronya mpaka zimetoboka. Huyo ndiye niliyemhitaji! Ningemwacha. Lakini nikamwambia, baba wewe, hapo atalaza kichwa mgonjwa, mama wa mtu. Nikamwonyesha. Wenzake wakasogea, nikawaonyesha na wao.

Kesho naharibu.

Jumatano, 6 Mei

Sikuharibu. Wanafunzi wangu wameiva. Mashuka yametoka meupe, yamenyooka, mpaka Robo Mwaka akapiga mluzi. Akasema kumbe wale wa langoni hawakuwa na maana yoyote. Nilitamani kumpiga pasi yeye.

Jioni mama yako alinikuta jikoni. Gari la mashuka lilimpita pale langoni, akaona yalivyokunjwa: pembe imeingizwa ndani kama bahasha. Mkunjo ule ni wangu, nilimfundisha mwenyewe akiwa mdogo. Akauliza kama nilimzaa ili nije nimfukuzishe kazi. Nikasema ni hila. Akauliza ni hila gani hii inayomnenepesha adui. Nikasema ni hila ndefu.

Akalia kidogo, mgongo kwangu. Kisha akapakua chakula, na kipande kikubwa akaweka kwenye sahani yangu. Sikustahili. Nilikila chote, nikimshukuru Mungu kwa mwana mwenye moyo kuliko mama yake.

Alhamisi, 7 Mei

Robo Mwaka kaona kazi inakwenda, basi kaingiwa na tamaa. Kafuta chakula cha mchana cha vibarua. Kasema kuanzia kesho nusu yao wasije, wanaobaki watafanya kazi ya wote, ili taarifa ya mwisho wa mwezi ing'ae mbele ya wenye kampuni. Kaeleza huku anatabasamu, kama anatutangazia harusi.

Pandikizi akaniuliza, Bibi, yaani tumefukuzwa kwa sababu tumefanya vizuri? Nikamwambia shukrani ya punda ni mateke, na wale walioko langoni wameshapigwa miaka. Nikafungua chungu nilichobeba, tukala wote. Mtu akiwa na njaa haelewi siasa.

Ijumaa, 8 Mei

Wamekuja wote, hata wale waliokatazwa. Wakapiga pasi mashuka mawili matatu, kisha Pandikizi akasimamisha pasi yake. Na wengine wakasimamisha. Tukatoka kwa lango la mbele, mimi mbele, mtandio mabegani.

Wagomaji wakaanza kutuita wasaliti. Mama yako akawaambia wafunge midomo, huyo ni mama yake na hao ni wageni wake. Akamsogezea Pandikizi benchi. Nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Kufika mchana hospitali zinapiga simu, hazina mashuka. Hoteli zinapiga simu. Kabla jua halijazama Robo Mwaka ametia saini: nyongeza inatoka, hafukuzwi mtu, na vibarua wanaandikwa kazi. Aliniomba nirudi niwe msimamizi, walau mpaka mwisho wa mwezi. Hata kuomba kwake hakufiki mbali.

Jumapili, 10 Mei

Vibarua wamekuja nyumbani kunishukuru. Pandikizi kanipigia pasi mapazia yote. Mama yako kanibusu kipajini, kisha akaniapisha: hila basi. Yeye anasema tuliokolewa na tamaa ya Robo Mwaka. Nimeapa, maana nampenda. Lakini ukweli ni kwamba ule ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo.

Nimesikia wa kiwanda cha mikate nao wamegoma jana, na mwenye kiwanda anatafuta vibarua. Watoto wa watu wale, nani atawasaidia? Mimi mkate nimeukanda tangu nikiwa msichana, kwa hiyo kuuharibu ni kazi ndogo kabisa.

Basi ukija tena usinitafute nyumbani. Zunguka nyuma ya kiwanda cha mikate, uliza bibi mpya wa kukanda unga. Njoo na njaa. Na mbele ya meneja, usiniite Bibi.