Kamati ya Mitindo ya Kujifunza Yapata Kundi la Nne

Umma unatangaziwa kwamba Chuo cha Udaktari kimemaliza kabisa tatizo la kufundisha. Mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Mitindo ya Kujifunza, nasema hivyo bila kujisifu, ingawa sifa zote ni zangu.

Utafiti wetu wa asubuhi moja uligundua kwamba wanafunzi wako katika makundi matatu: wa macho, wa masikio na wa mikono. Tukawagawia beji. Wa macho humtazama mgonjwa tu. Wa masikio humsikiliza akilalamika. Wa mikono huruhusiwa kumgusa, baada ya kujaza fomu yenye saini yangu.

Kikwazo kilikuwa profesa mmoja ambaye wanafunzi humwita Bibi Mishipa. Mwaka wa thelathini na moja huu anamfundisha kila mtu vilevile: "Tazama, sikiliza, gusa. Ukikosea, rudia." Kuna daktari gani aliyepatikana kwa njia hiyo? Ukiacha wote tulionao, hakuna.

Basi tuliamua astaafishwe. Barua ningeitia saini ukumbini, mbele ya wanafunzi wake, ili kila mmoja ajifunze kwa mtindo wake.

Siku hiyo alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Nakiri niliona aibu kidogo. Hata mimi alinifundisha. Nikawa natafuna kifuniko cha kalamu huku natafuta neno la hekima. Kifuniko kikateleza, kikanikaba kooni.

Wanafunzi walionyesha nidhamu ya kupigiwa mfano. Wa macho walinitazama. Wa masikio walifumba macho wakasikiliza ninavyokoroma. Binti mmoja wa mikono alikuja mbio na fomu.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Naomba saini hapa, na hapa nyuma."

Sheria ni msumeno, na huu niliunoa mwenyewe.

Bibi Mishipa alikuja taratibu, akaniinamia.

"Samahani, Mwenyekiti. Nimestaafu au bado? Nisije nikavunja utaratibu."

Nilitikisa kichwa kwa nguvu zangu zote.

"Sijakuelewa, mwanangu. Unakataa kwamba nimestaafu, au unakataa kwamba bado?"

Nikaikamata ile barua nikaichana vipande viwili, halafu vinne.

"Haya! Macho, masikio, mikono, njooni wote. Tazama, midomo imebadilika rangi. Sikiliza, hewa haipiti. Sasa mwinamishe, piga katikati ya mabega, na usimwonee huruma."

Pigo la kwanza lilikuwa la binti wa fomu.

"Rudia," alisema Bibi Mishipa.

Kwenye pigo la nne kifuniko kiliruka mpaka mlangoni. Walirudia mara tatu zaidi, nadhani kwa mazoezi.

Kamati imekutana kwa dharura. Profesa anaendelea na kazi, fomu zimefutwa, na kundi la nne limeidhinishwa rasmi: wanaojifunza kwa kupigwa mgongoni. Mpaka sasa lina mwanafunzi mmoja, na beji yake ninayo kifuani.