Asilimia Ishirini ya Babu Yangu

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Polisi,

Shikamoo, Afande. Nimejiahidi kueleza yote leo bila kuficha, hata yale ambayo Bibi amesema niyameze.

YAH: MACHO YALIYO JUU YA NGUZO YA NJIA PANDA

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Nyumba yetu inatazamana na nguzo mliyoifungia kamera inayotambua nyuso za watu. Siwapingi polisi hata kidogo. Naipinga kamera, kwa heshima zote, kwa sababu hizi:

1. Imemkamatisha Babu. Babu alikuwa tarishi wa posta. Sasa amestaafu, na kumbukumbu zake huja na kukatika kama umeme wa mtaani kwetu. Jumanne alivuka barabara kununua mkate, kamera ikasema yeye ni mwizi wa pikipiki anayeitwa Komba. Afande kijana aliyemshika alimwambia Mama kwamba mashine ina uhakika wa asilimia themanini. Naomba kuuliza kwa adabu: ile ishirini iliyobaki ni ya nani? Sisi nyumbani tunaamini hiyo ishirini ndiyo Babu.

2. Babu ameiamini. Hili ndilo linaloniuma. Mlimwachia jioni ile ile, na chai mlimpa, tunashukuru. Lakini tangu hapo anajiuliza pikipiki aliiweka wapi. Amepita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Bibi alimwambia, mzee wewe, baiskeli ya posta yenyewe ilikutupa mtaroni, pikipiki ungeiibaje? Babu akasema serikali haiwezi kukosea sura ya mtu, labda aliiba akasahau. Mheshimiwa, mtu anayesahau jina la mjukuu wake hastahili kubebeshwa kumbukumbu za Komba.

3. Haina adabu. Tumefundishwa kwamba kumkodolea mtu macho bila kumsalimu ni utovu wa adabu. Kamera yenu inatukodolea tukienda dukani, tukirudi, tukipiga chafya, na haijawahi kusema hata hujambo. Mama ni fundi cherehani na dirisha lake limeelekea huko huko. Wateja hawakubali kupimwa kiuno mpaka pazia lishushwe, na pazia likishuka Mama hazioni namba za utepe. Gauni la bibi harusi mmoja limetoka na mkono mfupi na mkono mrefu. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kutazamwa, wala hatujui picha zetu zinakaa wapi, na nani anazitazama huku anakula.

4. Afande kijana alituambia kwamba asiye na kosa hana cha kuogopa. Maneno mazuri sana. Basi naomba na sisi tufunge kamera yetu sebuleni kwako. Ndogo tu. Tutatazama kwa zamu, Bibi asubuhi, mimi nikimaliza kazi za shule. Tukiona unafanana na mtu mbaya tutakuita nyumbani kwa maswali, na chai tutakupa.

5. Wakati nikisubiri hayo, nimechukua hatua. Nimemshonea Babu barakoa kubwa ya maua kwa vipande vya vitambaa vya Mama, nikamvika na kofia pana. Ameahidi kutovivua akiwa nje. Kazi imetoka vizuri mno: jana nilipishana naye mlangoni, nikamwamkia kama mgeni.

Kwa hiyo naomba kamera iondolewe. Ikishindikana, igeuzwe iuelekee mtaro, ambao haujazibuliwa miaka nenda miaka rudi na ungefaidika sana kutazamwa na serikali.

Nisalimie maafande wote wa zamu, na familia yako nyumbani. Afande kijana mwambie Bibi amemsamehe, ila ule mkate ulioanguka Babu alipokamatwa bado unamkaa rohoni.

Ni mimi, mwenye heshima na matumaini,
Mjukuu wa tarishi,
Nyumba yenye pazia la kijani.

Nyongeza: Mheshimiwa, nimelazimika kuichana bahasha. Babu hayupo. Muuza mkate anasema alipitwa na barakoa ya maua asubuhi, na mwenye barakoa alimwambia anakwenda kuitafuta pikipiki ya watu airudishe. Tumezunguka mtaa mzima, Mama ameacha cherehani, Bibi ameacha chungu motoni. Tafadhali yote niliyoandika hapo juu yasisomwe leo. Kamera isiondolewe. Na jina la Komba msilifute kwenye uso wake kwa sasa. Akipita tu, mkamateni, mkalisheni kivulini, chai yake sukari kidogo. Barakoa huivua akitaka kupiga chafya, basi mtazame hapo hapo. Barua hii naileta mwenyewe, nami nitakaa kwenye benchi lenu mpaka nijibiwe: mmemwona babu yangu?