Ruhusa ya Godeliva

Ijumaa, 11 Julai 2025

Kikao cha kamati. Mama Honorata, mwenyekiti wetu, kakalia kile kiti chenye mikono. Mimi makamu, benchi. Shuleni nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi mpaka nikastaafu. Kwaya ya usharika, makamu. Na sasa asasi hii ya Mama Mgeni, inayowasaidia wanawake waliotoka nchi nyingine wakaja huku Myamba kuolewa au kulima tangawizi, nako makamu! Nikifa watanizika pembeni. Lakini Jumatano ya tarehe 23 ni uchaguzi. Tutaonana.

Ajenda ilikuwa Godeliva, Mrundi, mjane wa marehemu Fredrick. Shemeji yake Anold analitaka shamba la tangawizi. Kashuka wilayani kusema kwamba huyu hakuwa mke, ni kibarua tu aliyevuka mpaka. Sisi Wapare kesi hatuikimbii, tunaipalilia. Afisa wa uhamiaji atakuja Jumatatu ya tarehe 21 kuwasikiliza wanakijiji.

Mzee Tumainieli, mwenyekiti wa kijiji, kasema hana maneno mengi. Alhamisi pembe litapigwa, msaragambo, kazi ya kijiji kizima, tuzibue mfereji wa ndiva maji yaingie bwawani. Kila kaya ina kipande chake. Godeliva akichimba kipande cha Fredrick mbele ya watu, basi ni mwenye nyumba ile, na yeye Tumainieli atamsemea kwa afisa. Asipotokea na mwingine wa ukoo akachimba, nyumba ni ya aliyechimba. Ndivyo tulivyokuta.

Mama Honorata kasema Alhamisi twende wote tukasimame naye. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga kidogo.

Jumapili, 13 Julai

Akili imefunguka katikati ya mahubiri! Mgeni wa wafadhili anatoka Dar es Salaam, na Alhamisi hiyohiyo atakuwa Same mjini. Nimempigia simu nikiwa bado kwenye ngazi za kanisa. Nimemwambia nitampokea ukumbini, na akina mama wakiimba. Kasema sawasawa, tutawasiliana. Akiniona mimi mbele, kamati nzima itasikia. Kiti kile kitakuwa changu.

Nimeagiza bango. Picha yangu kubwa juu, akina mama wadogo chini.

Tatizo ni sauti. Akina mama wengine wanaimba kama wanagombana. Mwenye sauti ni mmoja tu, Godeliva.

Jumanne, 15 Julai

Nimemkuta Godeliva nyumbani kwake ananoa jembe. Binti yake Careen yuko pembeni anamwimbia. Shikamoo Mwalimu, kigoda, uji. Mwanamke ana adabu sana.

Nikamweleza safari ya Same. Akasema samahani Mwalimu, Alhamisi ni mfereji. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimekwishaongea na Mzee Tumainieli, ruhusa ipo, kipande chake kitamngoja. Akauliza tena, kweli Mwalimu? Akasema kipande kile ndicho kila kitu kwake, akikikosa amekwisha, atamkosa mpaka huyu mtoto. Nikamwambia kweli kabisa. Akanishika mikono yote miwili akanishukuru, machozi yanamlengalenga. Nilijisikia mtu mwema hasa.

Kuongea kwenyewe na Tumainieli bado. Nitaongea.

Jumatano, 16 Julai

Nimepanda kwa Tumainieli. Nimefika kwenye uzio wake, nikamsikia jogoo.

Jogoo wangu huyo! Mwezi wa tano sikwenda msaragambo, kiuno kiliniuma, Tumainieli akanitoza faini jogoo. Tena yule mwekundu. Mpaka leo hajamchinja, anamfuga makusudi anisimange. Nikachungulia, nikamwona kanona, anatembea kama mwenye nyumba. Hasira zikanipanda. Nimwombe ruhusa mtu huyu? Na kesho nami sitakuwepo mferejini, si atachukua na mitetea?

Nikageuka. Nitamweleza Ijumaa, mambo yakishapendeza. Mgeni akinisifu, hata Tumainieli atanywea.

Mke wangu Eliakunda kauliza kama nimemwona mwenyekiti wa kijiji. Nimesema nimefika kwake. Si uongo.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya! Siku mbaya kabisa!

Tumeshuka alfajiri na Kenta ya tangawizi, akina mama juu ya magunia na vitenge vyao vipya. Tulipofika kona ya chini pembe likalia mlimani. Godeliva akageuka, akatazama juu mpaka kona ikamficha. Nikawaambia waimbe. Waliimba wengine.

Ukumbini tumekaa. Jua limepanda, jua limekuwa kali, pilau limepoa. Bango limekuja limekatwa, naonekana kuanzia nyusi kushuka. Simu ikaita, Mama Honorata. Sikupokea. Nilijua anataka kuninyang'anya mgeni. Akapiga tena na tena, nikaizima.

Nilipoiwasha nikampigia mgeni. Yuko wapi? Yuko Myamba! Mama Honorata alimwalika akaone watu wakifanya kazi, akapita njia ya milimani. Anasema ana jembe mkononi, amefurahi mno, hajawahi kuona umoja wa namna hii. Kisha akauliza, huyo Godeliva anayetafutwa na kila mtu yuko wapi? Nikasema mtandao unasumbua.

Akina mama wamekula pilau. Godeliva hakula. Kauliza kama tunaweza kuondoka sasa. Kenta haikupakia mpaka jioni.

Ijumaa, 18 Julai

Anold alichimba kipande cha Fredrick. Alikuja na jembe jipya na wanawe, kachimba mpaka kikang'aa. Mama Honorata alitaka kumchimbia Godeliva, wazee wakamkatalia, si wa ukoo ule. Ndiyo maana alikuwa anapiga simu. Sasa angesema basi!

Godeliva alikuja asubuhi, miguu ina umande, hata salamu ilimshinda. Kaniomba twende wote kwa Mzee Tumainieli nikaseme ile ruhusa. Nikaona hapa nimebanwa. Nikamshauri anyamaze kwanza, hata Mama Honorata asimwambie. Jumatatu nitasimama mwenyewe mbele ya afisa, maneno yatakuwa na uzito zaidi. Kisha akasema sawa Mwalimu, nakutegemea wewe.

Eliakunda alikuwa jikoni, kasikia yote. Kaniwekea makande bila chumvi.

Jumatatu, 21 Julai

Uwanja wa kijiji umejaa. Afisa kijana, mpole, kavaa viatu vizuri. Kauliza kijiji kinamtambuaje mama huyu. Anold akasema waulizwe waliokuwa mferejini. Mzee Tumainieli akasimama, uso umemshuka, akasema kweli, kipande cha Fredrick kachimba Anold, yeye hawezi kusema asichokiona.

Godeliva akasema aliitwa Same, na ruhusa iliombwa. Mwalimu anajua.

Watu wote wakanigeukia! Nikasimama. Niliwaza uchaguzi. Niliwaza mitetea, maana anayemzuia mwenzake msaragambo anatozwa mara mbili. Tumainieli akaniuliza, Mwalimu Hezroni, ulikuja kwangu kuomba ruhusa? Nikajibu nilifika, nikamkuta jogoo tu.

Uwanja mzima ukacheka! Hata afisa alitabasamu. Muda mrefu watu hawajacheka hivyo kwa maneno yangu.

Godeliva hakucheka. Tumainieli naye. Alirudia swali, nikasema mambo ya ruhusa ya wanachama yanamhusu mwenyekiti wa asasi, mimi ni makamu tu. Nikakaa. Nyuma mtu akatema mate.

Afisa akasema basi, itabidi waende naye wilayani. Anold akasema mtoto ni wa damu yao, abaki. Careen alimng'ang'ania mama yake kitenge, kile kipya cha Same, wakambandua kidole kidole. Godeliva alikuwa anamwambia kitu kwa Kirundi, taratibu, kama anambembeleza alale. Hakunitazama. Mama Honorata kapanda gari lilelile la afisa bila kuaga mtu.

Nimerudi nyumbani na kichwa kinauma. Jua lilikuwa kali.

Jumatano, 23 Julai

NIMESHINDA!

Mama Honorata bado yuko Same, anahangaika ofisi hadi ofisi. Nusu ya kamati iko naye. Katiba yetu iko wazi, mwenyekiti asipokuwepo makamu anakaimu. Nikakaimu. Nikafungua uchaguzi, nikaomba majina, kimya. Nikalitaja la kwangu. Hakuna aliyepinga. Kusema kweli hakuna aliyesema chochote, walikuwa wanatazama sakafu.

Kiti chenye mikono ni kizuri, ila kinayumba kidogo upande wa kushoto. Sikujua miaka yote hii.

Jioni Mama Honorata kampigia mke wangu, si mimi mwenyekiti. Kasema Godeliva ameshapelekwa mpakani. Eliakunda kakaa kizingitini analia, simu bado iko mkononi. Nimemwambia na mimi nimesikitika, kisha nikampa habari ya ushindi. Kainuka, kahamishia godoro lake chumba cha wageni.

Jumapili, 27 Julai

Mgeni wa wafadhili amepiga simu! Kasikitishwa sana na habari za Godeliva. Kauliza asasi itafanya nini kwa watoto waliotenganishwa na mama zao. Akili ikafunguka palepale. Nikamwambia mradi huo upo tayari, aje Alhamisi ajionee, safari hii hapahapa Myamba. Nimeagiza bango jipya. Nimesisitiza kichwa kiingie chote.

Baada ya ibada nimepita kwa Anold. Careen alikuwa amekaa nyuma ya jiko na jembe la mama yake magotini. Anold anasema hali chakula vizuri, haongei, ila peke yake anaimba. Nikatega sikio. Ana sauti ileile!

Nikamwambia Alhamisi atamwimbia mgeni. Akatikisa kichwa. Nikamwahidi gauni. Akatikisa kichwa. Mtoto mgumu huyu. Mwisho akafungua mdomo, akauliza mama anarudi lini.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, aimbe vizuri tu. Nimekwishaongea na afisa, ruhusa ipo. Akaliweka jembe chini, akanishika mikono yote miwili.

Kuongea kwenyewe na afisa bado. Nitaongea.