Vipofu Wengi wa Ihumwa

Jumatatu, 1 Agosti 1910

Barua ya misheni imefika na treni ya kokoto. Bwana Inspekta anakuja Jumamosi kukagua darasa langu la vipofu na viziwi. Akikuta watoto chini ya kumi, analifunga.

Ninao wawili! Sila, haoni. Loisi, hasikii. Yupo pia mwanangu Ruthu, mwenye meno mawili, naye hasikii la mtu, lakini huyo hahesabiki.

Mwalimu Kefa, wa darasa la wazima, alikuja kunipa pole kabla sijamaliza kusoma. Amejuaje? Akazunguka chumbani akipiga makofi. Nikamuuliza kama anaua mbu. Akasema la, Mama Ruthu, nasikiliza mwangwi. Chumba hiki kingefaa sana kwa tarumbeta zangu. Tarumbeta! Anazo nne, moja imetoboka.

Bibi Emilia aliyeanzisha darasa alirudi kwao Ujerumani na homa. Akaniachia sanduku la herufi za nundu, zile zinazosomwa kwa vidole, na neno moja: Hana, usiwaache. Alisahau kuniachia watoto wa kutosha.

Darasa likifungwa, Loisi anarudi kwa shangazi yake, anayemfungia ndani kila wageni wakija. Sila anarudi kwa baba yake mdogo, kulala zizini na ndama. Walipomleta mwaka jana nilimtoa kupe masikioni. Harudi! Watoto nitawapata.

Jumanne, 2 Agosti

Nimezunguka vijiji tangu asubuhi, Ruthu mgongoni. Kila nyumba ina kipofu mpaka nifike. Jirani anasema yupo kwa fulani. Fulani anaapa hayupo, hajawahi kuwapo, na huku namsikia akikohoa nyuma ya kihenge cha nafaka. Wanasema nitawapeleka pwani kuwauza. Mimi! Mbondei wa watu, ugenini huku Ugogo, kiatu kimekatika kanda!

Mama wa nyumba hiyo ya kikohozi, akitwanga uwele, aliniuliza, bila kuacha kutwanga, kwa nini namfundisha kusoma asiyeona wakati wanaoona bado hawajaweza. Nikaenda zangu. Jibu nimelipata sasa hivi, nikiosha nepi. Haisaidii.

Filipo, mume wangu, seremala wa misheni, amesema nimwambie Inspekta ukweli: wawili. Wanaume hawana mipango.

Jumatano, 3 Agosti

Nimepata!

Vijana wa hapa hukamatwa kubeba mawe ya reli. Wanayachukia kuliko fisi. Basi nimekwenda kwa Jumbe Mazengo, nikamwamkia shikamoo mara mbili, nikakaa chini kama mkwe. Nikamweleza kwa upole kwamba mtoto wa darasa langu habebi mawe. Ni amri ya serikali. (Sijui kama ni amri. Inafaa iwe.)

Mzee akanitazama huku akichokonoa meno. Akauliza, awe kipofu wa kiasi gani? Nikasema wa kiasi chochote. Akasema vyema, mwanangu, nenda kapumzike, Mungu ni mwema.

Alhamisi, 4 Agosti

Ihumwa imepatwa na msiba! Uji haujachemka, foleni ya vipofu imefika mlangoni, wameshikana mabega. Wa mbele, macho kayafumba kabisa, akaruka shimo la maji machafu kama swala. Viziwi nao wamo. Nilimuuliza mmoja amekuwa kiziwi tangu lini. Akajibu tangu jana.

Mkubwa wao ni Matonya, pande la mtu, ndevu zimeanza. Yeye ni kipofu wa jicho moja. Asubuhi lilikuwa la kushoto. Mchana limekuwa la kulia.

Najua nilipaswa kuwafukuza. Nimewapa uji.

Sila amenivuta kanga akaninong'oneza kwamba hawa wenzake wapya hawapapasi kitu, na hakuna aliyegonga mlango kwa paji la uso. Nikamwambia wivu ni dhambi.

Ijumaa, 5 Agosti

Mazoezi kutwa. Kumfundisha mtu kutoona ni kazi kuliko kumfundisha kusoma. Msifukuze nzi kabla hajatua! Msipokee kikombe kabla hakijawagusa! Viziwi nimewaambia nikiita chakula wasigeuke. Nikaita. Wakageuka wote. Nikarudia. Wakageuka wote, na Matonya, ambaye si kiziwi, alikwisha shika bakuli.

Leo Sila amesoma ukurasa mzima kwa vidole, mara yake ya kwanza. Sikupata nafasi ya kumsifu. Nilikuwa namfundisha Matonya kujikwaa.

Kefa amepita, akacheka kwa pua. Anasema kesho atampigia mgeni tarumbeta, kwa heshima. Heshima ya mwewe kwa kifaranga!

Jumamosi, 6 Agosti

Mwandiko unisamehe, naandika mbio.

Bwana Inspekta alifika. Mrefu, mwembamba, miwani, Kiswahili cha kitabuni. Tulikaa uani. Vipofu wakapapasa vizuri. Matonya akajikwaa mara tatu, nyingine bila sababu. Bwana akaanza kutikisa kichwa kwa huruma.

Ndipo ng'ombe wakapita nje ya ua kwenda kunywa maji. Hilo sikulifanyia mazoezi! Mgogo anaweza kufumba macho mbele ya Kaisari, si mbele ya ng'ombe. Matonya akasimama akapaza sauti: lo, yule mtamba mwenye baka jeupe ana mimba! Vipofu wote wakakimbilia ukingoni mwa ua kubishana juu ya pembe. Kiziwi wa tangu jana akasema hapana, hiyo ni shibe tu.

Bwana akaweka kalamu chini. Nikamwambia wanatambua kwa harufu. Akaniuliza baka jeupe linanukaje.

Sila, maskini, hakutaka kuachwa nyuma. Akasema kwa fahari kwamba wa mwisho kabisa ni dume la baba yake mdogo. Alimjua kwa kengele, imepasuka! Lakini Bwana hajui kengele. Akamwinamia: na wewe pia unaona! Akasema hapa hakuna kipofu hata mmoja, darasa limefungwa. Nikalia kwamba huyu ni wa kweli. Nani atamwamini mwanamke mwenye waongo kumi na wawili?

Sila akaniuliza: Mama Mwalimu, nimekosa nini?

Kefa alidhani ukaguzi umekwisha, akapuliza na wanafunzi wake tarumbeta zote langoni kwa mpigo. Bwana akaruka, miwani ikaanguka. Viziwi wangu wakaziba masikio. Loisi alikuwa ameligeuzia lango mgongo, anatunga shanga. Hakupepesa hata jicho. Akatunga nyingine. Nikamwona Bwana anamtazama.

Ng'ombe nao walisikia. Wakavunja ua, wakaingia wote! Vipofu wangu wakapanda juu ya paa bapa la tembe kama nyani, wakaanza kuhesabu ng'ombe. Loisi aliliona vumbi, akamvuta Bwana kwa mkono wa koti mpaka ndani. Sila akabaki katikati ya ua, mikono mbele, anazunguka, ananiita.

Sijui nilifikaje. Najua Ruthu alikuwa mgongoni. Nilimkumbatia Sila, tukasimama, ng'ombe wakapita kushoto na kulia. Nikamwambia hukukosa kitu, baba. Na jana ulisoma vizuri.

Vumbi lilipotulia, Bwana, aliyekuwa akitazama mlangoni, akatoka. Akatazama paa. Akamtazama Sila, ambaye bado alikuwa ameshika kanga yangu. Akasema: wawili. Nikasema: wawili, Bwana. Akasema wawili wa kweli wanamtosha, darasa libaki. Ila nikisema uongo mmoja tena, atalifunga kwa mkono wake. Nimeapa, machozi yananitoka, na nilimaanisha.

Tarumbeta mbili zimekanyagwa. Nilimpa Kefa pole kabla hajamaliza kuziokota.

Jumapili, 7 Agosti

Kanisani nimeshukuru. Filipo hajasema alinionya. Anapiga mbinja tu, jambo lililo baya zaidi.

Jioni amekuja yule mama wa uwele, ameshika mkono wa binti aliyekuwa akikohoa nyuma ya kihenge. Haoni kabisa. Anaitwa Mwanahawa. Mama anasema aliniona kati ya ng'ombe. Mtu wa kuuza watoto hafanyi vile. Nimempokea binti. Bahati tu, sikuwa na mpango wowote.

Jumatano, 10 Agosti

Barua ya Bwana Inspekta, nzuri sana. Anamtuma mpiga picha Jumamosi, apige darasa picha moja, ipelekwe kwa marafiki wa Ujerumani wanaotuombea.

Nimefurahi. Nikahesabu. Watatu. Kwenye picha kubwa, watatu wataonekana kama watu walioachwa na treni.

Nimelitafakari jambo hili kwa uangalifu huku nikikamua nepi. Uongo ni wa mdomo, na picha haina mdomo. Haina masikio pia. Ng'ombe wote wa Ugogo wapite nyuma yake, nani Ujerumani atajua?

Nimeagiza Matonya aitwe, aje na wenzake. Safari hii achague jicho moja, abaki nalo.